Masikio ya Pontu

Saa kumi alfajiri, na jua la Juni
limekwisha kupanda juu ya matete ya Matsalu
kana kwamba halikulala, na kweli halikulala:
lilijiinamia kidogo tu nyuma ya misonobari
kama mgeni anayetafuta kiatu chake mlangoni.
Navaa buti za mpira. Pontu anazijua.
Mkia wake unapiga ndoo, ndoo inalia,
basi, safari.

Nilimpata kwa jirani yangu Kaljo
kwa gunia la viazi. Mbwa wa kuwinda
anayeingia uvunguni bunduki ikilia!
"Hana kazi huyu," Kaljo alisema.
Nikamjibu, hata mimi sina: miaka thelathini na minne
nimeendesha treni ya mizigo, Tallinn hadi Narva,
na injini ikanitoza nauli yake
senti kwa senti, masikioni.

Kule Haapsalu Daktari Pihlak alinichorea mstari
uliokwenda sawa kama reli, kisha ukaporomoka.
"Hapa," akasema, kalamu ikigusa ukingo wa korongo,
"hapa ndipo ndege wako wadogo walipoanguka."
Akanipa kifaa cha kuvaa sikioni.
Kimo kabatini, ndani ya kikombe,
kinasikiliza vijiko.

Korongo bado nawasikia, wana tarumbeta.
Kekeo namsikia, ng'ambo ya shamba,
akinihesabia miaka niliyobakiza; simwamini.
Hata yule wa nyasini, asiyeonekana,
anayekwaruza usiku kucha
kama mtu anayepitisha ukucha kwenye kitana.
Lakini wale wa sauti ya sindano,
wenye uzito wa sarafu na taji la manjano,
wameondoka. La, hawakuondoka:
wamo kwenye darubini, midomo wazi,
kama watu wanaoniaga
nyuma ya kioo cha behewa.

Kwa hiyo namtazama mbwa.
Tunavuka daraja la mbao linaloteleza umande,
mbu wametukaribisha kwa kutula,
na pale, msonobari wa tatu baada ya kibanda,
Pontu anasimama. Hainui mguu kama alivyofunzwa.
Sikio la kulia linapanda.
La kushoto, lenye pengo (paka wa Kaljo),
linafuata kwa kuchelewa.
Kichwa chaenda upande.
Anakunywa kitu kutoka hewani.

Mimi, pamba tupu.

Walisema sikio halipiti kichwa.
Hawakutembea na huyu.

Mwaka wa kwanza sikuandika kitu. Chama chetu kina sheria:
ndege huhesabiwa akionwa au akisikiwa,
na Bibi Salme, mtunza orodha, ni mkali kama afisa forodha.
Nilimuuliza, akisikiwa na nani?
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Arvi," akasema, "nenda nyumbani."

Nikaenda. Nikachora safu ya tatu daftarini,
kwa penseli, maana aibu hufutika.
Siku hizi naijaza kwa wino.

Leo: kumi na tisa Juni, upepo mdogo wa kusini.
Korongo wawili, na kinda mmoja
mwenye miguu ya kuazima.
Mbayuwayu wengi, darini mwa kibanda,
wamerudi kutoka mbali kule na hawakuniletea hata kokwa.
Bata mmoja, aliyefukuzwa (sitasema na nani).
Na chini ya msonobari wa tatu,
ndege mdogo, hakuonekana.
Pontu: alisikia.
Mimi: nilimwona akisikia.

Bibi Salme akitaka kubisha, njia anaijua.
Aje saa kumi, aje na buti,
na mfukoni alete kipande cha soseji:
shahidi wangu hali kiapo kikavu.